Maswali ya Wasomaji: Karatasi za Mzee wa Benki

Barua za mwezi huu zimekuja kama zimeambizana. Mzee wa mji amefariki. Enzi zake alikuwa meneja wa tawi la benki, diwani, mweka hazina wa hili na mwenyekiti wa lile. Chumba chake kimejaa karatasi, na familia inataka kukipangisha. Tumechagua barua saba.

Babu yetu alisimamia tawi la benki miaka ya 1960, baadaye akawa diwani. Ameacha masanduku matatu ya bati na mkoba wa ngozi. Nimeanza kupanga: barua huku, risiti huku, picha kule. Dada yangu ananiambia niache mara moja. Nani ana haki? (Mjukuu, Mbale)

Dada yako. Ishia hapo ulipofika, na kile ambacho bado unakumbuka kilitoka wapi, kirudishe leo kabla hujasahau.

Mtu wa benki hafungi karatasi ovyo. Kazi yake nzima ilikuwa kuhakikisha kila hundi ina vocha yake na kila vocha ina sahihi yake, na tabia hiyo humfuata hadi nyumbani. Tuseme unakuta barua ya mwalimu mkuu anayeomba msaada wa mabati, na nyuma yake, kwa pini moja, risiti ya duka la vifaa vya ujenzi na kipande cha hundi. Zikiwa pamoja, karatasi hizo tatu zinasema nani aliezeka darasa lile, kwa fedha ya nani na mwezi gani. Risiti ukiitupa kwenye rundo la risiti, unabaki na mabati thelathini yasiyojulikana yaliezeka nini. Hakuna mtaalamu atakayeweza kuzirudisha pamoja baadaye.

Kwa hiyo fuata mpangilio wake mwenyewe, hata ukiuona wa ajabu. Piga picha sanduku likiwa wazi kabla ya kugusa kitu, na tena kila unapoondoa tabaka. Masanduku yaite A, B na C, mkoba uwe D. Kila fungu lililofungwa kamba, kila bahasha na kila jalada lipewe namba kadiri linavyotoka: A1, A2, A3. Andika kwa penseli laini, HB au 2B, nyuma ya karatasi, pembeni chini. Kalamu za wino zisikanyage meza hiyo kabisa. Daftari lako liwe na namba, maneno yaliyoandikwa juu ya fungu kama yalivyo hata yakiwa na makosa, mwaka wa kwanza na wa mwisho, idadi ya karatasi kwa kukadiria, lugha, na hali ya karatasi. Lugha usiiruke: meneja yuleyule aliandikia makao makuu kwa Kiingereza, wakulima kwa lugha yao na askari wa lindo kwa Kiswahili, na sauti yake hubadilika kila mara. Angalia saa pia. Kumbukumbu za kikao zikisema saa 2 mchana kwa Kiingereza na shajara yake ikasema saa nane, ni kikao kimoja.

Bahasha usizitupe. Muhuri wa posta mara nyingi ndio tarehe pekee uliyo nayo.

Pini na stapula zilizoshika kutu ziondolewe, lakini si kwa kuvuta. Zitakuja na kona ya karatasi. Pitisha kipande cha plastiki laini kati ya kutu na karatasi, kisha nyanyua miguu ya stapula kwa kijiti cha mwanzi au kisu butu. Mipira ya kufungia huyeyuka ikawa kama ulimbo: ikishanata, iache ikauke kabisa, ndipo uikwangue kwa upole. Karatasi zilizokuwa pamoja zikunjie ndani ya karatasi nyeupe iliyokunjwa mara mbili, na fungu lifungwe kwa utepe wa pamba wa sentimita moja, fundo likae pembeni.

Maboksi maalumu ya nyaraka ni ghali na hayapatikani kirahisi. Boksi la karatasi za fotokopi linatosha kwa kuanzia, likitandikwa karatasi nyeupe safi ndani, wala si magazeti, kwa sababu gazeti lina asidi na huunguza jirani yake kwa rangi ya kahawia. Boksi hilo hubeba rimu tano, karibu kilo 12 na nusu likijaa. Lijaze robo tatu tu, la sivyo kitako kitafumuka siku ya kuhama.

Zile ulizokwisha kuchanganya zitie kwenye boksi lake na uandike wazi: "zilichanganywa na familia". Usijaribu kubahatisha zilikotoka.

Tumefungua sanduku la mzee tukakuta ukungu wa kijani, na kwenye kona kuna udongo wa mchwa. Tuanike juani? (Familia, Jinja)

Juani hapana. Jua hufuta wino na kukunja karatasi kama chapati. Tafuta veranda yenye kivuli na upepo, au feni iliyoelekezwa ukutani, si kwenye karatasi. Waliomo kazini wavae barakoa nzuri na glavu. Mwenye pumu asihusike.

Ukungu ukiwa bado una unyevu usiuguse, utaupaka tu. Ukishakauka na kuwa unga, uondoe kwa brashi laini ya rangi ya inchi mbili, ukipiga kuelekea nje, mbali na nyumba. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe hairuhusiwi, wala ya kupulizia mbu. Nafthalini ile ya kabatini haiui ukungu. Itawaumiza nyinyi mapafu.

Leja iliyoloa ni jambo la haraka, maana ukungu huanza ndani ya siku mbili hivi. Isimamishe wima, kurasa zikiwa zimeachana, weka tishu nyeupe isiyo na maua kila baada ya kurasa kumi, na uzibadilishe zikilowa. Mkiona hamtamaliza kwa siku mbili, ifungeni ndani ya kavera (mfuko wa plastiki) na kuitia kwenye friza ya nyama au samaki. Ikishaganda inasubiri hata miezi. Kuna karatasi mbili za kuogopa hapa. Ya kwanza ni ile ya kung'aa ya ripoti za mwaka za benki: ikikauka imeshikana, haiachani tena. Ya pili iliandikwa kwa penseli ya kopi, ambayo mameneja wa zamani waliipenda kwa sababu haifutiki kwa raba. Ikiwa kavu huonekana kama penseli ya kawaida, kijivu. Ikipata tone la maji hugeuka zambarau na kutambaa. Ukiona madoa ya zambarau kwenye sahihi, si wino uliomwagika, ni maji yaliyopita hapo. Karatasi za namna hiyo zikaushe kwanza, kila moja peke yake.

Mchwa hawatoki kwenye karatasi, hutoka sakafuni. Kuwaua waliomo sandukuni bila kufuata njia yao ya udongo ni kufagia mvua. Inua masanduku juu ya stendi ya chuma, miguu ikiwa ndani ya mikebe yenye oili chafu ya gari, na acha nafasi ya shibiri moja kutoka ukutani ili njia mpya ya udongo ionekane. Chungulia kila mwezi, na mara mbili kwa mwezi wakati wa mvua. Kama kuna vidudu vidogo vinavyotoboa vitabu mashimo ya duara, funga kitabu ndani ya kavera bila hewa, kiwe kwenye friza wiki mbili, kisha kikae nje siku nzima kabla ya kufungua, vinginevyo kitatoa jasho.

Vitabu vya akiba vya baba havina mwaka kwenye jalada. Kimoja kinasema Uganda Credit and Savings Bank. Kingine, cha baadaye, kinaonyesha fedha zikiporomoka ghafla kutoka laki moja hadi shilingi mia saba. Aliibiwa? (Msomaji, Tororo)

Hakuibiwa, na asiandikwe kuwa alifilisika. Mei 1987 serikali ilibadilisha fedha: shilingi 100 za zamani zikawa 1 mpya, na juu yake ukakatwa ushuru wa asilimia 30. Laki moja ikawa elfu moja, ikatolewa mia tatu, zikabaki mia saba. Mstari huo mmoja wa kitabu ni ushahidi mzuri kuliko kurasa kumi za simulizi.

Jina la benki ni kalenda. Uganda Credit and Savings Bank ilianzishwa 1950 kwa ajili ya kuwakopesha Waafrika, na 1965 ikageuka Uganda Commercial Bank. Kwa hiyo kitabu chako kimeanzia katika miaka hiyo 15. National Bank of India, iliyofika nchini 1906, ilikuja kuunganishwa na Grindlays mwishoni mwa miaka ya 1950. Ukiona jina la National and Grindlays, uko karibu na uhuru au baada yake. Herufi D.C.O. baada ya Barclays ni za kabla ya miaka ya 1970 kuanza vizuri. Bank of Uganda haionekani popote kabla ya Agosti 1966.

Sarafu nayo inasema. Rupia ilitawala hadi 1920, ikafuata florini ya muda mfupi sana, kisha shilingi ya Afrika Mashariki kuanzia 1921, mbili kwa florini moja. Shilingi ya Uganda ni ya 1966. Barua yenye kichwa cha Protectorate, yaani Uganda ikiwa chini ya Waingereza, ni ya kabla ya uhuru wa 9 Oktoba 1962, ingawa hapo mtu aangalie: ofisi ndogo zilimaliza karatasi za zamani kwanza, zikikata kichwa kwa mstari wa kalamu. Kichwa cha barua kinakupa tarehe ya mapema kabisa. Tarehe ya mwisho itafute kwingine. Na barua ya Uganda inayoliita Ziwa Edward kwa jina la Amin imetoka kwenye utawala wa Amin. Jina la Mobutu kwa Ziwa Albert ni la miaka ya 1970 pia, lakini upande wa Zaire liliendelea kutumika baada ya Amin.

Tazama pia miezi. Kwenye mji wa pamba, fedha hutoka benki kwa wingi wanunuzi wanapoingia sokoni mwishoni mwa mwaka na mwanzoni mwa unaofuata, kisha hurudi polepole. Kurasa zisizo na mwaka lakini zenye mpigo huo zinakueleza angalau msimu.

Kati ya karatasi za baba kuna orodha ya wadeni wa benki, pamoja na barua za watu wakilia shida zao ili wakopeshwe. Baadhi ya watoto wao ni majirani zetu. Tunataka kuchapisha kitabu. (Msomaji, Arua)

Kitabu chapisheni, orodha hiyo hapana.

Tenganisheni mambo matatu. Leja, kadi za sahihi na majalada ya mikopo si mali ya meneja hata kama yalilala chini ya kitanda chake miaka 40. Ni ya benki au ya iliyoirithi. Uganda Commercial Bank, kwa mfano, iliishia mikononi mwa Stanbic 2002. Waandikieni, wakiwa hawazihitaji wapeni nafasi ya kusema hivyo kwa maandishi, ndipo mzungumzie kuziweka katika nyaraka za taifa.

Pili, kumbukumbu za halmashauri. Kitabu cha awali chenye sahihi za wino za mwenyekiti ni cha umma, na sheria ya kumbukumbu na nyaraka ya 2001 inakihusu. Kirudisheni kwa karani wa mji, mpewe risiti. Nakala za saiklostaili (zilizorudufiwa kwa mashine) alizogawiwa kila diwani ni zake, na mara nyingi ni bora kuliko kitabu chenyewe, kwa sababu pembeni kaandika alichokuwa anafikiria wenzake wakihutubia.

Tatu, barua za watu. Karatasi ni yenu, maneno si yenu. Haki ya kuyachapisha ni ya mwandishi na warithi wake. Juu ya hilo kuna heshima. Mtu aliyemwandikia meneja kwamba mkewe yuko hospitali na ng'ombe wamekufa hakumwandikia mtaa mzima. Zihifadhini zote bila kuchoma hata moja, lakini zifungwe. Maoni yetu ni miaka 50 tangu tarehe ya barua, na mtafiti atakayeruhusiwa kabla ya hapo asitaje majina. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2019 nayo inawalinda walio hai.

Kitakachobaki kwa kitabu si kidogo: alikopesha akina nani kwa makundi, wafugaji au wenye maduka, kwa dhamana gani, kiasi gani, na wangapi walilipa.

Cheti cha uteuzi cha marehemu kimechanika. Nikitie laminesheni? (Msomaji, Busia)

Usifanye hivyo. Ile joto na gundi haziondoki tena, na siku plastiki ikigeuka njano cheti kinageuka nayo. Selotepu ni ndugu yake. Kiweke bapa kati ya karatasi mbili nyeupe ndani ya jalada gumu, toa nakala ya kutundika ukutani. Risiti za faksi na zile za mashine, zinazoteleza na kupauka, ndizo zinazohitaji fotokopi leo hii, maana baada ya miaka michache zitakuwa tupu.

Wanafunzi wangu wanaandika maisha ya mzee aliyekuwa meneja wa benki na mwenyekiti wa mji wetu. Karatasi ni nyingi hadi 1971, halafu karibu hakuna hadi 1979. Tujaze vipi pengo? (Mwalimu wa historia, Kasese)

Mwalimu, kwanza pengo lenyewe liandikwe. Ni sehemu ya maisha yake. Joseph Mubiru, gavana wa kwanza wa Bank of Uganda, aliuawa 1972, wakati wa utawala wa Amin. Baada ya hapo mtu wa benki mwenye akili hakuweka shajara. Wengi walichoma barua, na zilizobaki zikakutana na uporaji wa 1979, Kampala ilipoanguka 11 Aprili na miji mingine kabla na baada yake.

Kisha tafuteni karatasi zisizojua siasa. Tikiti za kodi ya kichwa, ile ya kupimwa kila mwaka iliyokuja kusitishwa 2005, watu walizihifadhi kuliko vyeti vya ndoa, kwa sababu bila tikiti ulilala mahabusu. Kila moja ina mwaka, gombolola na kiasi. Zipangeni kwa mfuatano mtaona kapanda daraja lini na kahamia wapi. Barua za uhamisho, stakabadhi za ada za watoto (majina ya shule yanaonyesha alipoishi), leseni za redio na baiskeli, kadi za kliniki. Kila tarehe iingie kwenye jedwali moja ikiwa na namba ya karatasi ilikotoka. Tarehe isiyo na karatasi iandikwe jina la aliyesimulia. Wanafunzi watataka kuruka hatua hii, msiwaruhusu.

Angalieni sana Agosti hadi Novemba 1972, siku 90 walizopewa Waasia kuondoka. Meneja wa mji mdogo alikuwa katikati: akaunti zinafungwa, maduka yanabadilisha mikono, na wale waliokuja kuitwa mafuta mingi, matajiri wapya waliochukua maduka hayo, wanabisha hodi kuomba mtaji. Barua yoyote ya bodi iliyosimamia mali za walioondoka isiachwe kwenye rundo la historia. Sheria ya 1982 ilifungua mlango wa kurudisha mali hizo, na bado nyumba zinagombewa. Ionyesheni kwa wakili kabla ya kumwonyesha mtu mwingine. Hati za ardhi vilevile; mahali pake ni kwa msimamizi wa mirathi.

Kwa wazee mtakaowahoji, msiulize "alikuwa mtu wa namna gani". Mtajibiwa alikuwa mtu mwema. Wekeni picha au nakala ya karatasi mezani na muulize: huyu aliyekaa kushoto ni nani, sahihi hii ya nani, kamati hii ilikutana wapi? Jina linalopatikana liandikwe siku hiyohiyo nyuma ya picha kwa penseli laini, bila kukandamiza.

Tukishamaliza tupeleke wapi, na muhuri wa mpira wa mzee tuufanyeje? (Msomaji, Fort Portal)

Hapo mlipo mna bahati: Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon kimeshughulikia nyaraka za wilaya ya Kabarole, kwa hiyo anzieni hapo. Wengine waulize Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu na Nyaraka kilichoko Wandegeya, Kampala, au maktaba kuu ya Makerere. Kama mzee alikuwa nguzo ya Kanisa la Uganda, chuo kikuu cha Kanisa kilichoko Mukono ni mahali pa kuuliza. Msipeleke masanduku bila kutangulia na daftari. Ndilo litakaloamua kama mtapokelewa. Na mkubaliane kwa maandishi: ni zawadi au amana, nani aruhusiwe kusoma nini na kuanzia mwaka gani, na familia ipate nakala.

Kabla ya kukabidhi, pigeni picha kila karatasi. Simu nzuri inatosha mkikaa dirishani bila jua la moja kwa moja na kuiweka sambamba na karatasi. Skana iwe dpi 300 kwa karatasi na 600 kwa picha. Jina la faili liwe namba ya daftari, A3-012, wala si "barua ya babu mpya". Diski mbili, katika nyumba mbili. Jengo kuu la Makerere liliungua Septemba 2020, na lina kuta nene kuliko za kwenu.

Muhuri wenye jina la benki au la halmashauri rudisheni kwa wenyewe, mkisainiwa. Ukibaki nyumbani utakuja kugonga hati ya kiwanja ambayo marehemu hakuijua. Kabla ya kuutoa, upigeni mara moja kwenye karatasi nyeupe, chini yake mwandike kwa penseli ulitoka sanduku gani, na karatasi hiyo iingie kwenye daftari kwa namba yake.